Jinsi ya kupata mkutano wa watu wanaoacha pombe karibu nawe

MTU aliyeamua kuacha pombe humu nchini hukumbana na jambo la kushangaza. Baa huiona akiwa mbali, kwa kuwa ina bango, taa na muziki. Mkutano wa watu walioacha pombe hauna hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Huenda unafanyika kila wiki katika chumba kilicho nyuma ya kanisa analolipita akielekea kazini, naye akaishi mtaani humo miaka kumi bila kufahamu.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Makundi ya Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huyaita AA kwa kifupi, yamejengwa juu ya kanuni kwamba jina la mwanachama halitangazwi na yanayosemwa chumbani hayatoki nje. Kanuni hiyo ndiyo humpa mwalimu, askari au mke wa mhubiri ujasiri wa kuingia. Lakini pazia lililowekwa kumsitiri aliyemo ndani humziba macho aliye nje, na mara nyingi aliye nje ndiye aliye hatarini zaidi.

Walio nje ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliofanywa na NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na matumizi ya dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya wapatao milioni 3.2 wa umri wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wakitumia pombe wakati huo, yaani mmoja katika kila wanane. Zaidi ya milioni 1.3 miongoni mwao walikuwa na uraibu mkali. Vitanda vya vituo vya kurekebisha tabia haviwezi kuwatosha watu hao wote, na hata vingewatosha, ada ya miezi mitatu katika vituo vingi vya kibinafsi haiwezi kumudiwa na familia ya kawaida. Mkutano wa AA hautozi ada yoyote. Ndiyo maana kujua unapofanyika si jambo dogo.

Daktari kwanza

Lipo jambo la kutangulizwa, na likipuuzwa laweza kumuua mtu mwenye nia njema. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu hauachi ghafla bila kulipiza kisasi. Saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, moyo hudunda na usingizi hutoweka. Kwa baadhi ya watu, degedege kama za kifafa hutokea katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache hupatwa na mchafuko wa akili, wakaona na kusikia mambo yasiyokuwepo huku homa ikipanda, na wasipotibiwa wanaweza kufariki. Watumiaji wa dawa za kulevya katika eneo la Pwani huiita hali ya kukosa dawa 'arosto'. Arosto ya pombe ni miongoni mwa zile chache ambazo zenyewe zinaweza kukatiza maisha.

Kwa hivyo, anayelazimika kunywa asubuhi ili 'kutoa loki', aliyewahi kupata degedege alipojaribu kuacha, mjamzito, au mwenye maradhi mengine makubwa, aanzie hospitalini. Huko atapewa dawa za kuutuliza mwili kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi wengi hupungukiwa nayo na ambayo ukosefu wake huharibu ubongo. Kwa wengi, hospitali ya rufaa ya kaunti ndiyo pa kuanzia. Jijini Nairobi, Hospitali ya Mathari ina kitengo cha kuwatibu waraibu. Desturi ya baadhi ya jamaa kumfungia mlevi chumbani siku tatu kwa chai na uji 'ili atokwe na sumu' inafaa kukomeshwa, hata kama kuna mjomba mmoja aliyepona kwa njia hiyo.

Vivyo hivyo, aliyekunywa pombe haramu kisha macho yake yakaanza kufifia hana haja ya mkutano saa hiyo. Ana haja ya daktari, na kila dakika ina thamani. Mkasa wa mitaa ya Mukuru jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, ulioangamiza zaidi ya watu 100, na ule wa Kirinyaga mnamo Februari 2024, ilionyesha jinsi sumu ya methanoli inavyopofusha na kuua. Mkutano utakuwepo wiki ijayo. Ni sharti mhusika naye awepo.

Simu iliyopigwa hotelini

Wanaodhani ni aibu kumpigia simu mtu wasiyemjua na kumweleza kwamba pombe imewashinda wanafaa kujua kwamba AA yenyewe ilianza kwa simu ya aina hiyo hiyo.

Mnamo Mei 1935, mfanyabiashara wa New York aliyeitwa Bill Wilson alikuwa mjini Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imemwendea mrama. Alikuwa amekaa takriban miezi mitano bila kugusa kileo. Akiwa amesimama katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, upande mmoja alisikia vicheko vya baa, na upande wa pili aliona simu pamoja na orodha ya makanisa ya mji huo. Alichagua simu. Kasisi mmoja alimpa majina kadhaa ya watu wa kujaribu, na hatimaye mwanamke aitwaye Henrietta Seiberling akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye ulevi ulikuwa karibu kumpokonya kazi. Daktari huyo aliahidi kuketi na mgeni kwa dakika 15 tu. Walizungumza kwa zaidi ya saa sita. Juni 10, 1935, siku ambayo Dkt Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, huhesabiwa kuwa ndiyo siku AA ilipozaliwa. Kitabu chao chenye hatua 12 za kujinasua kutoka kwa uraibu kilichapishwa mwaka 1939.

Wilson hakwenda kumhubiria daktari. Alikwenda kwa kuwa alihisi kwamba asipozungumza na mlevi mwenzake, yeye mwenyewe angekunywa usiku huo. Hapo ndipo penye siri ya makundi haya, na ndipo penye jibu kwa anayeogopa kumsumbua mtu usiku. Anayepokea simu hiyo hafanyi hisani tu. Naye pia anajiongezea siku moja ya kutokunywa.

Kuhusu kama njia hii hufaulu, madai yamekuwa mengi pande zote mbili. Tathmini kubwa iliyochapishwa mwaka 2020 na shirika la Cochrane, ambalo hupima ushahidi wa tiba mbalimbali, ilichunguza tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Ilibainika kwamba mipango inayomwelekeza mraibu kwa utaratibu maalumu ajiunge na AA huwasaidia watu kukaa bila pombe kabisa sawa na tiba nyingine zinazotambuliwa, na mara nyingi kuzishinda. Si kila mtu hufaulu. Hata hivyo, ni ushahidi wa kutosha kwa jambo ambalo gharama yake ni nauli ya matatu.

Pa kuanzia kutafuta

Njia ya haraka ni nambari ya simu 1192 ya NACADA. Haina malipo, na hupokewa mchana na usiku. Anayejibu ni mshauri, wala si polisi. Mpigaji halazimiki kutaja jina lake. Aeleze tu eneo alipo, amekuwa akinywa kwa muda gani, na kwamba anatafuta kundi la kukutana nalo. Akiwa na dalili za hatari zilizotajwa hapo juu, azitaje kwanza.

Njia ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kuviuliza vituo vya kurekebisha tabia, hata kama mtu hana nia wala fedha za kulazwa. Vituo vingi hufuata mafunzo ya hatua 12, na wahudumu wake hujua ni wapi wagonjwa wao huenda baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Simu moja kwa mshauri nasaha wa kituo kilichoidhinishwa na NACADA yaweza kutoa habari ambazo mtu angezitafuta mwezi mzima. Tahadhari ni kwamba kuna vituo visivyo na kibali, na vingine hupenda kumshawishi kila anayepiga simu alazwe. Aliyepiga kuuliza mkutano ashikilie swali lake.

Ofisi ya parokia au ya kanisa pia huweza kusaidia kwa sababu makundi mengi hukodi au huazimwa kumbi za makanisa. Muulize karani au bawabu, si lazima kasisi, kama kuna 'watu wa AA' wanaotumia chumba chochote na siku gani. Bawabu ndiye huwa na ufunguo, na kwa kawaida ndiye anayejua. Asichanganye mtu makundi haya na chama cha Pioneer katika Kanisa Katoliki, ambacho waumini wake huweka nadhiri ya kutokunywa kama ibada. Chama hicho kina heshima yake, lakini hakikuundwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari amelemewa.

Kwenye intaneti mambo yana kituko chake. Anayeandika 'AA Kenya' huenda akajikuta katika kurasa za chama cha wenye magari, ambacho kifupisho chake ni hicho hicho na ambacho Wakenya wengi hukijua kwa shule zake za udereva. Ni heri aandike jina kamili, Alcoholics Anonymous, pamoja na jina la mji au mtaa. Ipo pia programu ya simu iitwayo Meeting Guide, ambayo hutolewa bila malipo na ofisi za AA na huonyesha mikutano kulingana na orodha ambazo makundi yenyewe huwasilisha. Udhaifu wa orodha zote za aina hii ni kwamba huchelewa kufanyiwa marekebisho. Kundi huhama ukumbi, hubadilisha siku, ama husambaratika, na tangazo likabaki vile vile. Mtu aliyekusanya ujasiri kwa wiki tatu, akapanda magari mawili hadi mtaani, kisha akakuta mlango umefungwa kwa kufuli, ni nadra ajaribu tena. Pengine hakuna jambo dogo linalowarudisha watu wengi kwenye chupa kama kufuli hiyo. Kwa hivyo, ukipata orodha, ipuuze hadi uthibitishe kwa simu.

Katika simu hiyo yapo maswali machache yanayofaa. La kwanza, kundi lilikutana wiki iliyopita? Swali hili ni bora kuliko kuuliza kama 'lipo'. La pili, mkutano ni wa wazi au wa faragha? Ule wa wazi humkaribisha yeyote, wakiwemo jamaa, wanafunzi na wanaotaka kujua tu. Wa faragha ni wa wale wanaotaka kuacha pombe peke yao. La tatu ni lugha. Humu nchini kuna makundi yanayozungumza Kiingereza zaidi, na mtu asiyekizoea anaweza kuondoka akidhani kwamba AA ni ya watu wa tabaka fulani, ilhali hakuambiwa kuwa anaruhusiwa kusema kwa Kiswahili. La nne ni mlango wenyewe. Ni lango lipi, jengo lipi, ghorofa ya ngapi, na je, kuna mtu atakayemngoja nje? Makundi mengi hukubali kwa furaha kumtuma mtu langoni. Mwanamke ana haki ya kuomba apokewe na mwanamke, na kuuliza kama kuna mkutano wa wanawake pekee. Fedheha wanayobebeshwa wanawake walevi katika jamii yetu ni maradufu ya ile ya wanaume, na wengi wao hunywa wakiwa wamejifungia chumbani. Na kwa kila mtu, mkutano huisha saa ngapi? Anayeishi mbali na jiji hana budi kuhesabu matatu ya mwisho.

Mtu wa mji mdogo, ambako kila mtu anamjua mwenzake, anaweza kuchagua kundi la mji jirani. Si woga. Mwalimu mkuu ana sababu ya kutotaka gari lake lionekane limeegeshwa mahali fulani kila Jumanne. Wengi huanza mbali, na wakishapata nguvu husogea karibu na nyumbani.

Siku ya kwanza

Hofu ya wengi ni kwamba watasimamishwa mbele ya watu na kulazimishwa kukiri. Sivyo ilivyo. Mkutano huchukua muda wa saa moja hadi saa moja na nusu. Viti hupangwa kwa duara au kuizunguka meza. Kiongozi wa siku hiyo, ambaye ni mwanachama kama wengine, huufungua kwa kimya kifupi au sala, kisha husomwa maneno machache kutoka kwa kitabu cha AA. Baadaye watu huzungumza mmoja mmoja. Kila anayezungumza hutaja jina lake la kwanza na kwamba ni mraibu wa pombe, halafu husimulia. Hakuna anayemkatiza, anayemjibu wala kumkosoa. Mgeni anaweza kusema jina tu, au kusema kwamba leo amekuja kusikiliza, na hilo likatosha. Anaweza pia kutumia jina lisilo lake, wala hapana atakayedai kitambulisho.

Kigezo cha kuwa mwanachama ni kimoja, nacho ni kutaka kuacha pombe. Si lazima mtu awe ameshaacha. Aliyekunywa asubuhi haruhusiwi kuvuruga kikao, lakini anaruhusiwa kuketi.

Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na majani chai. Anayeweza hutoa, asiyeweza hupitisha, na mgeni kwa kawaida huambiwa asitoe chochote. AA haipokei ufadhili kutoka nje, iwe ni wa serikali, wa mwanasiasa au wa kampuni. Kwa sababu hiyo, yeyote anayedai 'ada ya usajili' itumwe kwa M-Pesa kabla ya mtu kuelekezwa kwenye mkutano si mtu wa AA, na simu hiyo ikatwe mara moja. Mkenya aliyelelewa katika vyama vya kuweka akiba atashangaa mwanzoni. Hapa hapana mwenyekiti wa maisha, hapana faini ya kuchelewa, hapana mkopo wala daftari la mahudhurio.

Mkutano ukiisha, usikimbie. Nusu saa ya chai inayofuata ndiyo mara nyingi huamua kama mtu atarudi. Hapo ndipo nambari za simu hubadilishwa, na hapo ndipo mgeni huweza kumtambua mtu ambaye baadaye atamwomba awe mlezi wake, yaani mwanachama mwenye uzoefu anayemwongoza katika hatua zile 12. Mwanamume hushauriwa kumchagua mwanamume mwenzake, na mwanamke vivyo hivyo. Iwapo mkutano wa kwanza haukumpendeza mtu, ahudhurie mwingine angalau mara tano au sita kabla ya kukata kauli, na ikiwezekana ajaribu makundi tofauti. Makundi hutofautiana kama familia zinavyotofautiana. Lipo lenye wazee watupu, na lipo lenye vijana wa chuo kikuu.

Wapo wanachama wachache wenye ari kupita kiasi ambao humwambia mgeni aachane na vidonge alivyopewa na daktari kwa kuwa 'dawa ni dawa'. Huo si msimamo wa AA, na mwenye kifafa, mfadhaiko mkubwa wa akili au virusi vya Ukimwi anayeufuata ushauri huo hujitia hatarini.

Suala la dini

Hatua za AA zinamtaja Mungu, na mikutano mingi hufanyikia makanisani. Mambo haya mawili huwakwaza watu wa aina mbili walio tofauti kabisa.

Wa kwanza ni Mwislamu, hasa wa maeneo kama Mombasa, Malindi na Lamu, ambaye kwake pombe ni haramu na kukiri kwamba anakunywa ni fedheha juu ya fedheha. Kumwelekeza kwenye ukumbi wa kanisa ni kumwongezea mzigo. Lakini kukodi chumba si kujiunga na mwenye chumba. AA haina dhehebu, na hatua zenyewe zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu. Yapo makundi ya AA katika nchi zenye Waislamu wengi pia. Anayeona bado ni vigumu anaweza kuuliza mkutano unaofanyikia hospitalini au katika ukumbi wa kijamii.

Wa pili ni yule aliyechoshwa na dini, pengine kwa sababu ameombewa mara nyingi na akarudia pombe kila mara. Huyu anaweza kupenda zaidi mikutano ya SMART Recovery, shirika lililoanza Marekani mwaka 1994, ambalo hutumia mbinu za kisaikolojia bila kumtaja Mungu, na ambalo lina vikao vya mtandaoni. Kwa upande wa pili, kuna familia zinazoamini kwamba maombi pekee yanatosha na kwamba kwenda kwa kundi ni upungufu wa imani. Wahusika hao wangefaa kukumbuka kwamba mtu huyo huyo akivunjika mguu hupelekwa hospitalini kwanza, na maombi hufanyiwa kando ya kitanda.

Mke, mama na watoto

Mara nyingi anayepiga simu ya kwanza si mnywaji. Ni mkewe, mamake, au mtoto wa kidato cha tatu. Jibu linalowavunja moyo ni kwamba hakuna mtu anayeweza kupelekwa AA kwa kuburutwa. Hata hivyo, yapo wanayoweza kufanya wao wenyewe. Makundi ya Al-Anon, yaliyoanzishwa mwaka 1951 na Lois, mkewe Bill Wilson, pamoja na wenzake, huwaleta pamoja jamaa za walevi, na yale ya Alateen huwahudumia vijana. Mikutano hiyo ni michache kuliko ya AA, kwa hivyo kundi la AA lililo karibu ndilo la kuulizwa. Lisipokuwepo la jamaa, mke anaweza kuhudhuria mkutano wa wazi wa AA, hata bila mumewe, na kusikia kutoka kwa walevi walioacha ni nini kiliwagusa na ni nini kiliwafanya wazidi kunywa. Wengi hutoka hapo wakiwa wameacha kuficha chupa, kulipa madeni ya baa na kumwambia mwajiri kwamba bwana anaumwa na malaria.

Iwapo kuna vipigo nyumbani, usalama hutangulia kila kitu. Kungoja aliyelewa apate fahamu ya kuhudhuria mkutano si mpango wa usalama. Nambari 1195 hupokea simu za wanaodhulumiwa kijinsia, na 116 ni ya watoto.

Kusipokuwa na kundi

Nje ya Nairobi na miji mikubwa, jibu la kweli mara nyingi ni kwamba mkutano wa karibu uko umbali wa kaunti mbili. Tangu janga la Covid-19 lilipofunga kumbi mwaka 2020, maelfu ya mikutano duniani imekuwa ikifanyika kwa video, na anayeweza kumudu bando ya intaneti anaweza kuingia wakati wowote. Kwa asiye na simu ya kisasa, mpango unaofaa ni kuhudhuria mkutano wa mbali mara moja kwa mwezi, kurudi na nambari tatu za simu, na kupiga moja kila jioni ile saa ambayo kiu huwasha.

Makundi ya aina nyingine yasidharauliwe pia. Mjini Eldoret, watafiti walijaribu vikao vya kikundi kwa wagonjwa wa virusi vya Ukimwi waliokuwa wakinywa, vikiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo wala si wataalamu wa saikolojia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba walioshiriki vikao hivyo walipunguza unywaji kuliko wenzao waliofundishwa tu kuhusu maisha ya kiafya. Anayehudhuria kliniki yoyote ya aina hiyo amuulize muuguzi kama kuna kikundi.

Na mwisho ni kuanzisha. Kwa desturi ya AA, walevi wawili wanaokutana kwa nia ya kukaa bila pombe wanaweza kujiita kundi, mradi kundi hilo halifungamani na chama au dini yoyote. Hapahitajiki katiba wala uchaguzi wa maafisa. Panahitajika chumba, kitabu, saa isiyobadilika, na kuijulisha ofisi ya AA ili jina la mahali hapo liingie kwenye orodha. Waliofanya hivyo husema kazi ngumu ni miezi ya mwanzo, wakati viti sita hupangwa na viwili pekee hukaliwa. Saa ikifika, hao wawili hufungua mlango, huwasha taa ya nje, na huanza kusoma.